Lukasa na wazee wanaosahau

Mbele ya vitabu vya shule kufika kwetu Katanga, Waluba walikuwa na kitabu chao. Kinaitwa lukasa. Ni kipande cha mbao chenye kiuno chembamba katikati, kinaenea katika mkono wa mtu, na juu yake kumepangwa shanga, makombe au vipini vya chuma. Mgongo wake, mara mingi, unachorwa mistari ya kukumbusha gamba la kobe. Lukasa ilikuwa mali ya chama cha Mbudye, wale waliolinda habari za ufalme: Nkongolo Mwamba na ukali wake, Mbidi Kiluwe muwindaji aliyetoka mashariki, na Kalala Ilunga mwana wake.

Msomaji aliishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga. Ushanga mukubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa mfalme na watu wake. Mustari wa shanga unaweza kuwa safari. Lakini hapa ndipo wanafunzi wangu wanashangaa kila mwaka: lukasa haisomwi kama alfabeti. Ubao ni ule ule, wasomaji wawili, habari mbili. Kila mmoja alisema kufuatana na siku ile, na watu waliokaa mbele yake, na sababu iliyowakutanisha, tena kwa kuimba na kucheza. Ni kusema, ukumbusho haukuwekwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Sehemu moja ilikuwa katika kidole, ingine katika wimbo, ingine kwa wale wanaosikiliza. Mwaka wa 1996 Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walitayarisha maonyesho makubwa juu ya jambo hili kule New York, na hata leo jumba la Brooklyn, katika muji ule, lina lukasa moja. Kwetu wanafunzi wengi hawajaona hata picha yake.

Kwa nini ninaandika haya? Ni kwa sababu ya nkambo wangu. Alianza kwa kusahau chungu juu ya moto. Kisha akawa anaamuka usiku kutafuta shamba lililokwisha kuuzwa tangu zamani, na mimi akaniita kwa jina la mjomba aliyekufa. Watu wa kartie hawakukawia. Jirani mmoja akasema: «Ule mamu anatembeaka usiku, ni mulozi.» Katika chumba kimoja cha sala walitaka afunge siku tatu bila kula ili aungame. Tulikataa, lakini si jamaa zote zinakataa. Kuna wazee waliofukuzwa, na kuna waliopigwa.

Ule si ulozi, ni ugonjwa. Munganga Mujerumani Alois Alzheimer alieleza mara ya kwanza mwaka wa 1906 namna moja ya ugonjwa huo, ile ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Tusidanganyane kwamba ni ugonjwa wa Wazungu: uchunguzi uliofanywa Brazzaville na Bangui, ukatangazwa 2010, ulikuta karibu wazee 7 katika 100 pale Brazzaville na 8 pale Bangui, kati ya wale wa miaka 65 na zaidi. Mara mingi unaanza kwa kuharibu sehemu ya ubongo inayopokea habari mpya. Ndiyo maana mzee anasahau chakula cha asubuhi, lakini mikono yake inajua bado kusuka mukeka, na nyimbo za utoto zinabaki.

Tangu 1998, kule Milwaukee, Marekani, Anne Basting anafundisha namna ya kukaa na wagonjwa hawa. Anawaonyesha picha, wanatunga hadithi pamoja, na hakuna jibu la makosa. Mwaka wa 2006 jumba la MoMA la New York lilianza nalo kuwapokea pamoja na wale wanaowatunza, wakisimama mbele ya picha chache tu na kuzungumza. Hawaulizwi «Unakumbuka?» Wanaulizwa «Unaona nini?» Sanaa haiponyeshi ugonjwa, mtu asikudanganye. Inarudisha mtu katikati ya watu, saa moja au mbili. Niliposoma habari hizo, nilifikiri mara moja juu ya Mbudye na ubao wao: kidole, picha, wimbo, na watu wanaosikiliza.

Hatukuwa na lukasa nyumbani. Dada yangu alitafuta shanga za zamani za nkambo, akazitia katika sahani, akakaa naye chini ya muembe saa ya jioni. Nkambo alizigusa moja moja, akizipanga, na kisha akaanza nyimbo za mapasa, maana yeye mwenyewe alizaa mapasa. Majirani walikuja kusikia. Yule aliyemwita mulozi alikuja pia, akapiga makofi.

Siku moja alichanganya maneno ya wimbo. Mimi, mwalimu hata nyumbani, nikataka kumusahihisha. Akanitazama.

«We mwalimu, nyamaza kwanza. Tuko tunaimba.»

Aliimba vile mpaka mwaka wake wa mwisho. Jina langu hakulipata tena.