Tarehe ya Gofu la Yerusalemu, na Nani Hasa Aliyelisimamisha

Sinagogi kubwa ya Mtaa wa Wayahudi, ndani ya kuta za Yerusalemu, watu huiita Hurva, yaani Gofu, na gofu hilo hulitaja kuwa la Rabi Yuda Mchamungu. Jina lake rasmi ni Beit Yaakov, kwa heshima ya James Mayer de Rothschild, tajiri wa Paris. Majina yote mawili yanamdhulumu Zalman Zoref, mfua fedha kutoka Lithuania, ambaye bila yeye pale pangekuwa na safu ya maduka mpaka leo. Kwa hiyo tarehe hii ni yake kwanza, wengine watafuata.

Rabi Yuda alitoka Siedlce, nchi ya Poland, akiongoza mamia ya wafuasi waliofunga na kutubu ili Masihi aje upesi. Wakaingia Yerusalemu Oktoba 1700, na siku chache baadaye rabi akafariki. Wafuasi wakabaki na ua waliokuwa wameununua na mikono mitupu. Wakakopa kwa Waislamu wa mji kwa riba kubwa, wakajenga, wakahonga wakubwa, wakangoja fedha za Ulaya zisizofika. Mwishoni mwa 1720 wadai walichoka. Wakauvamia ua, wakaitia moto sinagogi pamoja na magombo 40 ya Taurati. Waashkenazi, yaani Wayahudi wa asili ya Ulaya kama hao, wakafukuzwa mjini, na kwa miaka mingi Mwashkenazi aliyetaka kuingia Yerusalemu alilazimika kuvaa mavazi ya Wasefaradi asitambulike. Uani pale yakaota maduka.

Wanafunzi wa Gaon wa Vilna, rabi mashuhuri wa Lithuania, walianza kuhamia nchi ile karibu karne nzima baadaye, wakakaa kwanza Safed. Menachem Mendel wa Shklov aliwaongoza baadhi yao kurudi Yerusalemu, naye ana sifa yake. Lakini tumtazame Zalman. Alizaliwa 1786 katika mji wa Keidan, akafika 1811 na mke na watoto, na akajifunza ufundi wa fedha ili asile sadaka. Watu wa kutegemea sadaka walikuwa tele Yerusalemu. Yeye alikuwa na nyundo yake, na ulimi uliowazidi ukali mawakili.

Hapa nisimame kidogo, maana ugomvi wa lile deni haujaelezwa kwa haki. Wajukuu wa wadai walikuwa bado wanaidai jumuiya ya Waashkenazi fedha zilizokopwa na watu waliokwisha kuwa mifupa. Zalman na wenzake wakajibu kwamba wao si watoto wa wakopaji, si warithi wao, wala hawakutoka miji yao, na kwamba sheria ya Kituruki yenyewe hufuta madai yaliyolala miaka mingi. Dawa ya deni kulipa, kila mtu anajua. Lakini mkopaji amekufa, mrithi hayupo, na mdai amekishika kiwanja na kula kodi ya maduka tangu enzi za babu yake: hapo kimebaki nini cha kulipwa? Mwishowe deni likafutwa kwa firmani, yaani amri ya serikali ya Sultani. Wapo wanaosema hadi leo kwamba hila ilitumika. Kama ni hila, basi ilipitia mbele ya makadhi na mapasha wote, na ikapita.

Baadaye Palestina ikaangukia mikononi mwa Muhammad Ali wa Misri. Mwaka 1836 Zalman akasafiri hadi Misri kuomba ruhusa ya kujenga, akapata msaada wa makonsuli wa Austria na Urusi, na akadokeza kwamba Rothschild wa Vienna atafungua mkoba ruhusa ikitoka. Mkoba haukufunguliwa, lakini ruhusa ilitoka, na mwaka huohuo watu wakaanza kuzoa kifusi. Januari 1837 ikafunguliwa sinagogi ndogo, Menachem Zion, pembeni mwa ua. Mwezi huohuo, siku ya kwanza, tetemeko la ardhi lilikuwa limeibomoa Safed, na walionusurika wakaja Yerusalemu kutafuta pa kuswali. Wazee husema Mungu aliandaa dawa kabla ya ugonjwa. Mimi sina la kuongeza.

Wenye maduka hawakusamehe. Zalman aliwanyamazisha kwa fedha mwaka baada ya mwaka, na siku moja ya 1851, akienda kuswali alfajiri, akapigwa upanga wa kichwa. Aliugulia jeraha kwa miezi, akafa Septemba, akazikwa Mlima wa Mizeituni. Mwanawe Mordechai aliendeleza kazi, na mjukuu wake, Yoel Moshe Salomon, alishiriki kuanzisha gazeti la HaLevanon mwaka 1863, mtaa wa Nahalat Shiva nje ya kuta mwaka 1869, na Petah Tikva mwaka 1878. Nani mwingine katika tarehe hii ana mjukuu wa namna hiyo?

Ile sinagogi kubwa ilijengwa kati ya 1856 na 1864, kwa firmani ya Sultani Abdülmecid, baada ya ubalozi wa Uingereza huko Istanbul kusukuma. Moses Montefiore alisaidia. Ezekiel Reuben wa Baghdad alitoa kurushi 100,000 kati ya milioni moja zilizohitajika, na jina la mfalme wa Prussia likachongwa mlangoni kwa mchango wake. Ramani aliichora Assad Effendi, mhandisi wa Sultani, Mwislamu aliyekuwa mjini kukarabati Haram. Aliinua nguzo nene nne pembeni, juu yake matao manne makubwa, na juu ya matao kuba yenye madirisha 12 kuizunguka, kilele kikiwa kama mita 24 kutoka sakafuni. Ukiwa ndani na kuinua macho, uliona kuba ya rangi ya samawati iliyotapakaa nyota za dhahabu, na kwenye pembe nne wamechorwa chui, tai, swala na simba. Wanawake waliswali kwenye roshani za pande tatu. Sanduku la Taurati, la ghorofa mbili, mbao zake zimechongwa maua na ndege, lilisafirishwa kutoka Kherson, kwenye sinagogi ya Wayahudi waliolazimishwa kutumikia jeshi la Urusi kwa miaka 25.

Wahasidi nao wakajenga yao jirani, Tiferet Yisrael, iliyofunguliwa 1872. Husimuliwa kwamba Kaizari Franz Joseph alipopita 1869 aliuliza mbona haina kuba, akajibiwa na Nisan Bek kwamba nyumba imevua kofia kumheshimu. Kaizari akacheka, akalipia kuba. Hadithi tamu, lakini Hurva ilikuwa na kuba yake miaka mitano kabla.

Baada ya hapo kila jambo kubwa la Waashkenazi lilifanyika humo. Mwaka 1901 walimwombolezea Malkia Victoria, Rabi Shmuel Salant akiongoza. Mwaka 1920 Herbert Samuel, Kamishna Mkuu wa Uingereza, alikwenda kwa miguu siku ya Sabato akasoma sehemu ya manabii. Mwaka uliofuata Rabi Kook akasimikwa rabi mkuu.

Mei 1948, vitani, wapiganaji wa Haganah, jeshi la Wayahudi, walijichimbia humo. Abdullah al-Tal, kamanda wa Jeshi la Kiarabu la Jordan, alituma onyo kupitia Msalaba Mwekundu kwamba wasipotoka atapiga, lakini hawakutoka. Tarehe 27 askari wake wakaegemeza pipa la lita 200 lililojaa baruti ukutani na kutoboa tundu, na baada ya kuiteka wakailipua yote. Siku iliyofuata mtaa ukasalimu amri. Kuna wanaobishana hadi usiku nani alianza kuifanya ngome. Askari wa al-Tal ndio walioangusha kuba, na hilo halina ubishi.

Baada ya Israeli kuuteka mji huo wa kale mwaka 1967, aliitwa msanifu majengo Louis Kahn wa Marekani, akachora mpango mara tatu wa jengo jipya kando ya gofu, akafa 1974 bila jiwe kuwekwa. Kwa maoni yangu bora ulibaki karatasini, maana ungemfanya Kahn kuwa mjenzi wa nne wa kugombewa. Mwaka 1977 wakasimamisha tao moja tu la ukumbusho. Ndipo msanifu Nahum Meltzer akaijenga upya kwa sura ya Assad Effendi, tao likamezwa ukutani, na ikafunguliwa 15 Machi 2010, Wapalestina wakiandamana na Jordan ikilalamika.

Husemwa kwamba Gaon wa Vilna alitabiri sinagogi hii kujengwa mara ya tatu, na mara hiyo ni hii. Wasiosadiki huuliza limeandikwa wapi. Gaon aliwaambia wanafunzi wake mengi ambayo hayakuandikwa, na Zalman alitoka katika nyumba hiyo.