Ngano ya Unyanyembe

Burton alipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857, aliwakuta Waarabu wakilima ngano. Wapagazi waliopita Kigwa, njia ileile aliyoishika Stanley mwaka 1871, hawakuifuata ngano hiyo. Posho yao ilinunuliwa kwa vitambaa na shanga, na mara nyingi ilikuwa mtama.

Historia hiyo naisoma kwa tumbo. Nina ugonjwa wa seliaki: gluteni iliyomo katika ngano huufanya mwili wangu uushambulie utumbo wake wenyewe. Kabla haujagundulika nilimeza vidonge vya madini ya chuma miaka miwili, damu ikabaki pungufu. Utumbo haukuweza kuvifyonza. (Wa kuishukuru ni tasnifu ya Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ya mwaka 1950, iliyoishtaki ngano kwa ushahidi.)

Kigwa, ugali wa mtama haunidhuru, mradi mashine haijatoka kusaga ngano. Kazi ipo kwenye chapati. Ndicho chakula cha kumheshimu mgeni, na kuikataa ni kama kumkataa aliyeipika. Shangazi alinuna siku nzima. Siku hizi anauliza kwanza mashineni: “Kabla yangu mmesaga nini?”