Neno la Anayeondoka

Ndugu vijana, wahenga walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kijana anayeacha kazi katika mji wetu wa Likasi huusikia ushauri huo kila upande. Mama humwambia: toka kimya, mwanangu, kesho utahitaji barua ya bwana yule. Rafiki humwambia kinyume: sema yote, sasa huna cha kupoteza. Wote wawili wanampenda, naye abaki njia panda. Je, mtu anapoondoka, inampasa kusema kweli juu ya aliyemwajiri? Historia ya nchi yetu imekwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi, nayo ina majibu yanayostahili kusikilizwa.

Tuanze mbali kidogo, Boma, mji mkuu wa Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II. Mwaka 1884 alifika hapo mwalimu kijana aitwaye Hezekiah Andrew Shanu, mzaliwa wa nchi ya Lagos. Aliingia katika utumishi wa dola, akawa karani na mkalimani, akasaidia kuandikisha askari kutoka Afrika ya Magharibi, akapanda hadi kuwa msaidizi wa kamishna wa wilaya. Mwaka 1893 aliacha kazi hiyo kwa amani na kuanza biashara yake: duka, ushonaji, udobi, na nyumba za wageni Boma na Matadi. Alikuwa pia mpiga picha hodari. Wateja wake wengi walikuwa maofisa wa dola ileile aliyoitumikia. Kwa macho ya watu, alikuwa ameondoka vizuri. Hakuna mlango uliofungwa nyuma yake.

Wakati huohuo, katika bandari ya Antwerpen, karani mwingine alikuwa akihesabu mizigo. Jina lake Edmund Dene Morel, mfanyakazi wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, iliyosafirisha bidhaa za Kongo. Aliona meli zikifika zimejaa mpira na pembe za ndovu, na zikirudi zimebeba hasa bunduki na risasi, wala si bidhaa za kuwalipa watu waliovuna mpira ule. Akatambua kwamba pasipo malipo hapana biashara. Kilichokuwapo ni kazi ya kulazimishwa. Mkuu wa kampuni, Alfred Jones, alikuwa pia konseli wa heshima wa Dola la Kongo huko Liverpool. Morel alijaribiwa kwa cheo na kwa fedha ili anyamaze. Mwaka 1901 aliacha kazi, akaanza kuandika waziwazi. Mwaka 1904 alishiriki kuanzisha Chama cha Kuleta Mageuzi Kongo. Tarehe 15 Novemba 1908 utawala binafsi wa Leopold ulikoma, nchi ikawa koloni la Ubelgiji. Mateso hayakwisha siku ile, lakini mpango ule wa mfalme ulivunjika, na kalamu ya karani aliyeondoka ilikuwa na sehemu kubwa katika kuuvunja.

Karani wa Antwerpen alihitaji shahidi aliye ndani ya nchi, na shahidi huyo alikuwa Shanu. Kuanzia mwaka 1903 alimpelekea Morel habari za mateso ya wafanyakazi kutoka Afrika ya Magharibi, na baadaye hati za mahakama. Siri ikafichuka. Dola ikawaamuru watumishi wake wasinunue tena chochote kwake wala wasilale katika nyumba zake. Biashara ikaanguka, marafiki wakapungua, na mnamo Julai 1905 Shanu alijitoa uhai.

Tusipite haraka hapa. Watu hawa wawili walisema ukweli uleule juu ya mabwana wao wa zamani. Mmoja alipata sifa, mwingine alipata kaburi. Je, mmoja alikuwa jasiri kuliko mwenzake? La hasha. Morel alikuwa na watu nyuma yake: mfanyabiashara John Holt, tajiri William Cadbury, wasomaji, wabunge. Shanu alikuwa peke yake katika mji ambamo kila mteja alikuwa mtumishi wa mshtakiwa. Wamisionari wa Kiprotestanti ndio waliotangulia kupaza sauti. Miongoni mwa wamisionari wetu Wakatoliki wengi walikaa kimya, na ilikuwa mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya kifo cha Shanu, Myesuiti Arthur Vermeersch alipotoa kitabu chake cha kukosoa utawala ule. Msema kweli hupotea si kwa sababu ya adui tu, bali pia kwa sababu ya jirani anayebadili njia asije akaonekana naye.

Sasa turudi kwetu Katanga. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji wetu uliitwa Jadotville kwa jina la mmoja wa wakuu wake, Jean Jadot. Katika miaka ile ya kwanza neno la kuondoka lilikuwa la bwana, si la mfanyakazi. Dekreti ya tarehe 16 Machi 1922 iliruhusu mtu aliyevunja mkataba wa kazi atiwe gerezani. Huko Kenya, tangu karibu mwaka 1920, Mwafrika alivaa kipande shingoni, na asipopata saini ya kuachishwa kutoka kwa bwana wake alihesabiwa mtoro. Bwana aliandika juu ya mtumishi; mtumishi hakuandika juu ya bwana. Na waliothubutu kusema wakiwa bado kazini walijua bei yake: katika mgomo wa Desemba 1941, uliowagusa wafanyakazi wa Jadotville na wa Elisabethville, askari walipiga risasi, na tarehe 9 Desemba karani Léonard Mpoyi aliuawa pamoja na makumi ya wenzake katika uwanja wa mpira wa Elisabethville.

Basi nani angesema? Jibu moja lilikuja mwaka 1965, nalo lilikuja kwa Kiswahili. André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, aliandika kijitabu kiitwacho Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Hao ndio watu waliopika, waliofua, waliolea watoto wa wazungu, waliosikia kila kitu mezani na kujifanya hawakusikia. Katika kurasa chache zilizopigwa taipu walieleza historia ya mji kuanzia nyakati za Leopold, kwa lugha ya nyumbani kwao, bila kungoja ruhusa ya mwanachuo yeyote. Miaka 25 baadaye, mwaka 1990, mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri, na leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Kijitabu kile hakikumrudishia hata mtumishi mmoja mshahara wake wa zamani. Hata hivyo kiliwapa wajukuu kitu ambacho mabwana hawakukusudia kuwaachia, yaani kumbukumbu. Nacho kiliandikwa kwa jina la chama, si la mtu mmoja mwenye kinyongo.

Jibu la pili tunalo katika familia zetu. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na baadaye ikajulikana kama Gécamines. Wazee wetu wa Panda na Shituru waliiita baba na mama, na hawakudanganya: nyumba, hospitali, shule, posho ya unga, vyote vilitoka kwake. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 2003 haikufikisha hata tani 20,000, na wafanyakazi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Ndipo ukaja mpango ulioitwa Opération Départs Volontaires, kwa fedha za Benki ya Dunia. Kati ya mwaka 2003 na 2004 zaidi ya watu 10,000 waliondoka, wakalipwa mara moja, wakatia saini. Kuondoka huko kuliitwa kwa hiari. Lakini hiari ya mtu ambaye watoto wake hawajala ni hiari ya namna gani?

Wengi wao waliona kwamba walicholipwa kilikuwa pungufu ya haki yao. Wangeweza kumaliza jambo hilo kwa manung'uniko ya barazani. Badala yake walikusanyika, wakaandika, na mwaka 2009 wawakilishi wao wakapeleka malalamiko mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Wana wale wale walioimba sifa za baba na mama walisema pia kwamba mzazi huyo amewatoa nje mikono mitupu. Maneno yote mawili yalikuwa kweli, na la kwanza halikulifuta la pili.

Kanisa hutufundisha chini ya amri ya nane kwamba kuna makosa mawili ya ulimi yanayofanana kwa sura. Masingizio ni kumzulia mtu uovu asioutenda. Masengenyo ni kutangaza kosa la kweli la mtu pasipo sababu ya haki. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Lakini ni kweli!" Yatupasa kuuliza: nani anahitaji kuujua ukweli huu? Hapo ndipo wazee hawa wanapotupa kipimo. Shanu alisema kwa ajili ya wafanyakazi waliokuwa bado wakiteswa. Yav aliandika kwa ajili ya watakaozaliwa. Wafanyakazi wa zamani wa Gécamines walidai pamoja, kwa ajili ya nyumba zao zote. Neno la anayeondoka si kisasi kwa bwana. Ni deni kwa wanaobaki na kwa wanaokuja. Ikiwa ngazi ya mgodini imeoza, ikiwa mkubwa wa kazi huwadai wasichana rushwa ya mwili, ikiwa saa za usiku hazilipwi, basi anayeondoka ndiye mwenye nafasi ya kusema, na kunyamaza kwake kutamwangukia mwenzake. Lakini ikiwa jambo lenyewe ni hasira ya bwana siku moja, au chai isiyo na sukari, liache lipite.

Na mnajua, ndugu vijana, sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimu mwajiri kumpa anayeondoka cheti cha kazi aliyoifanya. Cheti hicho ni haki, hakinunuliwi kwa sifa za uongo. Hata hivyo tusimdanganye mtu kwamba kusema hakuna gharama. Wakunga wale wale bado wapo mjini, nasi bado tunazaa. Ndiyo maana asiseme peke yake. Aandike alichokiona kwa macho yake, aweke tarehe, ataje na mema aliyotendewa, atafute wenzake watakaotia saini pamoja naye. Nasi tuliobaki tuendelee kununua dukani kwake.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika parokia yetu, yuko nani aliyesema kweli juu ya kazi yake ya zamani? Sisi tulifanya nini baada ya hapo?
2. Tutapambanuaje masengenyo na ushuhuda unaowalinda wengine?
3. Wazee wetu walioondoka mwaka 2003 na 2004 bado wapo kati yetu. Nani atakwenda kuwasikiliza na kuyaandika maneno yao?