Sumu, Mto Kongo na vitabu vya majasusi: nani alisema nini kuhusu kifo cha Lumumba

Septemba 1960, hata miezi mitatu haijatimia tangu Kongo ipate uhuru, ofisa mmoja wa ubalozi wa Marekani alitoka ofisini kwake Leopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Mtu aliyekuwa ameketi mkahawani ng'ambo ya barabara akainuka na kumfuata. Akajitambulisha: ni Joe kutoka Paris. Ofisa yule alikuwa ameshaarifiwa kwa telegramu kwamba mgeni wa jina hilo anakuja. Mwenyeji ni Larry Devlin, mkuu wa kituo cha CIA nchini humo. Mgeni ni Sidney Gottlieb, mkemia wa shirika hilo, na alichokuja nacho ni sumu, ikiwemo ya kuwekwa kwenye dawa ya meno. Aliyekusudiwa ni Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Devlin akauliza agizo limetoka kwa nani. Akajibiwa kwamba limetoka kwa Rais Eisenhower.

Mkasa huo Devlin aliusimulia mwenyewe katika Chief of Station, Congo, kitabu kilichotoka 2007, yeye akiwa amevuka miaka 80. Mwaka uliofuata akafariki. Anaandika kwamba agizo lile lilimchukiza, akaifungia sumu ndani ya kasiki, akavuta muda makusudi, na mwishowe akaitupa Mto Kongo. Anasimulia vizuri, na kwa ukaribu unaomvuta msomaji upande wake. Nami nasema asomwe, ila asisomwe peke yake. Sidhani kuna kifo kingine cha kiongozi wa Afrika kilichoandikiwa vitabu na watu wa idara za siri kama hiki, na ukiviweka pamoja utaona kila kimoja kinafichua kitu ambacho kingine kimekipita kimyakimya.

Devlin alikuwa ameshayasema mengi ya hayo 1975, mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church. Alihojiwa faraghani, na ripoti ikamtaja kwa jina la bandia. Gottlieb naye akahojiwa, naye akapewa jina la bandia. Anayesoma ripoti hiyo kwa makini atashtuka. Mkemia alisema sumu aliitupa yeye mtoni kabla hajaondoka Kongo mwanzoni mwa Oktoba. Mkuu wa kituo akasema aliitupa yeye, tena baadaye. Sumu ni ileile, mto ni uleule, na kila mmoja anasema aliyeitupa ni yeye. Humohumo kuna telegramu ya Agosti 26, 1960 ya Allen Dulles, mkurugenzi wa CIA, iliyoeleza kwamba kumwondoa Lumumba ni lengo la kwanza na la haraka. Kamati ilihitimisha kwamba haikupata ushahidi wa kuwaunganisha Wamarekani na mauaji yenyewe.

Hapo ndipo wengi huishia, wakati ripoti hiyohiyo ina jambo lingine zito. Lumumba alikuwa amekamatwa mwanzoni mwa Desemba akijaribu kufika Stanleyville, kwa wafuasi wake, akafungwa katika kambi ya jeshi Thysville. Januari 14, 1961, kiongozi mmoja wa serikali alikidokeza kituo cha CIA kwamba mfungwa huyo angehamishiwa Bakwanga, mikononi mwa mahasimu wake. Siku tatu baadaye alipakiwa ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Ndege ikatua Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na usiku huohuo wote watatu wakapigwa risasi. Aliyejua tangu tarehe 14 kwamba mtu anapelekwa kwa maadui zake ana la kujibu, hata kama sumu yake aliitupa mtoni. Na msomaji wa Devlin akumbuke kwamba ni yeye aliyemhakikishia Mobutu, ofisa wa juu wa jeshi la Kongo, Septemba ileile, kwamba Marekani ingemuunga mkono akitwaa madaraka. Alipostaafu CIA alirudi Kinshasa ya Mobutu huyohuyo kumfanyia kazi Maurice Tempelsman, mfanyabiashara wa almasi.

John Stockwell alikuwa mtu wa aina nyingine. Alikulia Kongo, wazazi wake wakiwa wamisionari, akaja kuwa ofisa wa CIA Lubumbashi na baadaye mkuu wa kituo Bujumbura. Mwaka 1975 aliongoza kikosi kazi cha CIA cha vita vya Angola, na alichokiona huko kikamfanya aache kazi. In Search of Enemies, kitabu alichokitoa 1978 bila kibali cha waajiri wake wa zamani, hasa kinahusu Angola. Lakini ndani yake kuna sentensi chache kuhusu ofisa mwenzake aliyemsimulia kwamba aliwahi kuzunguka mjini Elisabethville usiku, mwili wa Lumumba ukiwa kwenye buti ya gari lake, akitafakari aufanyie nini. Simulizi hiyo imenukuliwa mno. Haikubaliani na yale yaliyothibitishwa baadaye, na mimi siitumii kama ushahidi. Inaonyesha tu jinsi watu wa kazi ile walivyopenda kujitwalia kifo hicho.

Stockwell alishtakiwa na serikali yake kwa kuchapisha bila ruhusa. Mwenzake Frank Snepp, aliyeandika juu ya kuanguka kwa Saigon, alifikishwa hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo 1980 iliamua kwamba mapato yote ya kitabu chake yaende serikalini. Mtu wa CIA anayetaka kuandika hupeleka kwanza mswada wake ukakaguliwe. Hilo likae kichwani mwa kila anayenunua kumbukumbu za jasusi mstaafu.

Ukweli kuhusu mwili ulitoka kwa mtu ambaye hakuwa jasusi. Gerard Soete alikuwa ofisa wa polisi Mbelgiji huko Katanga, jimbo la mji huo wa Elisabethville. Siku chache baada ya mauaji, yeye na msaidizi wake waliifukua miili, wakaikatakata kwa msumeno na kuiyeyusha kwa tindikali. Mwaka 1978 aliandika riwaya kwa Kiholanzi, De Arena, akiyaeleza hayo kama hadithi ya kubuni. Miongo miwili ikapita kabla hajakiri hadharani, tena akaonyesha meno aliyokuwa ameyaweka kama kumbukumbu nyumbani kwake Ubelgiji. Nikiifikiria riwaya ile huwa nasisimka mwili. Kwa miaka yote hiyo ungamo lilikuwa limechapwa na kuwekwa rafuni, katika nchi ambayo viongozi wake waliendelea kudai kwamba mambo yale yalikuwa ya Wakongo wenyewe kwa wenyewe.

Aliyewaziba midomo ni Ludo De Witte, mtafiti Mbelgiji. Kitabu chake cha 1999 kilipekua nyaraka za serikali ya Brussels na kuonyesha jinsi mawaziri, washauri na maofisa wa Kibelgiji walivyoshiriki, hadi kwenye uwanja wa mauaji walikosimama maofisa wa Kibelgiji. Bunge la Ubelgiji likaunda tume, na Februari 2002 waziri wa mambo ya nje, Louis Michel, akaomba radhi kwa watu wa Kongo. Juni 2022 jino moja la Lumumba lilirudishwa kwa familia yake na kuzikwa Kinshasa. Vimepita vitabu vingi vya idara za siri, na kilichozaa matokeo hayo ni cha raia aliyekaa na mafaili.

Upande wa Uingereza kumetanda ukimya. Mtu wa MI6 Leopoldville wakati ule alikuwa Daphne Park, mwanamke aliyepelekwa Tanganyika akiwa mtoto mchanga na kulelewa huko hadi alipokwenda Uingereza kusoma. Hakuandika kumbukumbu zake. Alifariki 2010, na miaka mitatu baadaye David Lea, mjumbe mwenzake katika Bunge la Mabwana, aliandika barua kwenye jarida la London Review of Books akisema Park alimwambia, wakinywa chai, kwamba MI6 ilihusika na kwamba yeye ndiye aliyepanga. Ni neno la mtu mmoja kuhusu marehemu, na halijapata waraka wa kulithibitisha. Zaidi ya miaka 60 imepita. Mafaili ya MI6 yafunguliwe, suala liishe.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tulilelewa na majasusi wa kubuni. Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, alitufundisha kwamba adui wa ukombozi wa Afrika ana fedha, ana mawakala, na anashindika. Nazipenda riwaya zile hadi leo. Lakini Dar es Salaam iliyozizaa ilikuwa na ujasusi wa kweli. Tangu 1963 Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa, wapigania uhuru wa nchi za kusini waliishi mitaani kwetu, na Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa jijini humu Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta.

Maofisa wetu waliozishughulikia kesi kama hizo sasa ni wazee, na wengine wameshatangulia. Mmarekani ameandika, Mbelgiji ameandika, na kila mmoja amejitetea kwa kalamu yake. Nawasihi wazee wetu nao waandike, au angalau wakubali kurekodiwa, wakitunza siri ambazo bado zinastahili kutunzwa. Nazisihi serikali zetu zitunge sheria inayotaja wazi ni baada ya miaka mingapi faili la usalama linafunguliwa kwa watafiti. Na wachapishaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi waanze na kitabu cha De Witte: wakitafsiri, wakichape kwa bei ambayo mwanafunzi wa sekondari ataimudu.