Picha Isiyo na Jahanamu

Makanisa ya Ulaya ya zamani yalipenda kuweka juu ya madhabahu picha ya Siku ya Hukumu. Mojawapo ilichorwa na Hans Memling katika mji wa Bruges, kwa ajili ya Angelo Tani, mtu wa benki ya Medici. Ni mbao tatu zilizounganishwa. Katikati malaika Mikaeli, amevaa deraya, anawapima watu kwa mizani. Kushoto kwako waliookoka wanapanda ngazi za peponi. Kulia waliohukumiwa wanatumbukia motoni. Aliyeonekana mwema mizanini amepewa sura ya Tommaso Portinari, wa benki ile ile. Wenye fedha hawakuingoja hukumu!

Wewe ukaaye Bahati, Kaloleni au Shauri Moyo, huenda umesikia kwamba mitaa yenu nayo iliona upimaji. Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilianza msako ulioitwa Anvil, yaani fuawe. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Kichwa kikitikiswa, basi. Waliokamatwa waligawanywa kuwa “weupe”, “kijivu” na “weusi”, na watu zaidi ya 20,000 wakatiwa kizuizini.

Sasa twende Murang'a, palipoitwa Fort Hall siku hizo. Hapo Waanglikana walijenga kanisa la kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa na Mau Mau. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Kuta zilimngoja mchoraji. Ungedhani angechora Hukumu: mashahidi huku, wauaji kule. Jengo lenyewe lilimwalika kufanya hivyo, na damu ilikuwa haijakauka.

Elimo Njau, kijana wa Kilimanjaro aliyefundishwa Makerere na Margaret Trowell, hakuchora Hukumu. Alichora picha tano: Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni nchi yetu. Jahanamu haimo. Mtu aweza kusema kwamba alikwepa. Mimi naona alishika lililo gumu zaidi, kwa maana mama mmoja aliweza kuwa na mwana aliyeuawa kwa kukataa kiapo, na mwingine aliyefia kizuizini. Ungemweka wapi mama huyo katika picha ya Memling?

Picha ya Memling iliporwa baharini mwaka 1473, nayo iko Gdańsk, Poland, hata leo. Za Njau zingali Murang'a, safari ya asubuhi moja kutoka mitaa yenu.