Kufuata Nyayo za Wazee wa Uskoti

Msomaji, katika bonde la Strathnaver, kaskazini mwa Uskoti, yapo mawe yaliyozama katika nyasi. Zamani mawe hayo yalikuwa misingi ya nyumba. Mwaka 1814, na tena mwaka 1819, wakulima wa bonde hilo walifukuzwa ili mashamba yao yawe malisho ya kondoo. Wengine walihamia pwani, wengine walivuka bahari. Leo vitukuu na vilembwe vya watu kama hao huuliza: Je, sisi ni watoto wa nani?

Swali hilo hupelekwa kwa mtafiti wa nasaba, mtu aliyejifunza kazi hiyo na kulipwa kwayo. Yeye haanzi na babu wa kale. Huanza na mzee wa karibu, kisha hurudi nyuma hatua moja moja. Tangu tarehe 1 Januari 1855, sheria iliagiza kila uzazi, ndoa na kifo katika Uskoti kiandikwe katika daftari la serikali. Cheti cha kifo cha huko hutaja baba wa marehemu na mama yake pia, pamoja na jina la ukoo wa mama kabla hajaolewa. Basi karatasi ya msiba huwa ufunguo wa kizazi kilichotangulia.

Kabla ya mwaka 1855 njia huingia giza. Yamebaki madaftari ya kanisa, yaliyohifadhiwa Edinburgh. La kale kuliko yote lilianza mwaka 1553. Lakini mengi yana mapengo. Kati ya mwaka 1783 na 1794 serikali ilitoza kodi ya peni tatu kwa kila ubatizo ulioandikwa, na wako wazazi waliokwepa kulipa. Hivyo peni tatu ziliweza kumfuta mtoto katika kumbukumbu za nchi yake.

Tena upo mtego wa majina. Waskoti wengi walimpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama, desturi ambayo Wakikuyu wanaijua vema. Kwa hiyo kijiji kimoja kiliweza kuwa na akina Donald Mackay watano.

Hapo ndipo uaminifu wa mtafiti hupimwa. Aliyemlipa hutamani kusikia kuwa ametoka katika ukoo wa kitawala. Mtafiti mdanganyifu atamchagulia Donald wa kupendeza. Mtafiti mwadilifu atasema kwamba ushahidi umekoma. Neno hilo huuma, lakini ni heshima kwa waliofukuzwa. Walikwisha kunyang'anywa ardhi. Si haki wanyang'anywe na ukweli wao.

Nawe, msomaji, waulize wazee wako wangali hai. Andika jina, mahali na mwaka. Na wasipokumbuka, acha nafasi wazi. Nafasi iliyo wazi kwa haki ni bora kuliko jina la kubuni.