Bastola ya risasi sita inayojazwa tano

Kama umewahi kuangalia sinema za makauboi, bastola hii unaifahamu hata kama jina lake hulijui. Jamaa anaichomoa kiunoni, anairudisha nyundo nyuma kwa kidole gumba, paa! Ambacho sinema hazikutuambia ni kwamba ina matundu sita ya risasi, na mwenye akili zake alikuwa anajaza matano tu.

Tuanzie mwanzo. Jeshi la Marekani liliichukua mwaka 1873 kutoka kampuni ya Colt. Samuel Colt mwenyewe hakuiona, alishafariki mwaka 1862. Wakaiita Single Action Army, kwa maana kwamba kifyatulio kina kazi moja tu: kuiachia nyundo. Kukoki ni kazi ya kidole gumba, kila risasi. Jeshi lilipopata bastola inayojikoki yenyewe ukivuta kifyatulio, mwaka 1892, likahama.

Sasa basi, ubaya wake uko hapa. Nyundo ikilala, ncha yake inagusa kitako cha risasi. Idondoshe, itue kwa nyundo, inalia. Wyatt Earp, polisi yule yule tunayemuona kwenye filamu, yalimkuta Wichita mnamo Januari 1876. Alikuwa amekaa kitini, rivolva ikachomoka kiunoni, nyundo ikajigonga, risasi ikapita kwenye koti lake na kuishia kutoboa dari. Bahati yake, na bahati ya waliokuwa chumbani. Colt waliweka kijino cha kuishikilia nyundo isiguse risasi, lakini kilikuwa chembamba mno, pigo moja kinakatika. Ndiyo maana watu wakajiwekea utaratibu: tundu moja libaki tupu, nyundo ilale hapo.

Vita Kuu ya Pili ilipofika, Colt wakaacha kuitengeneza. Ikaonekana imekwisha. Aliyeifufua ni William Ruger, ambaye mwaka 1953 alitoa Single-Six ya risasi ndogo za .22, ndani akiwa ameweka springi za kuzungusha badala ya zile bapa zilizokuwa zikivunjika hovyo. Mwaka 1955 akaongeza Blackhawk ya .357 Magnum. Televisheni nayo ilikuwa imejaa makauboi, na mwaka 1956 Colt wakarudi sokoni. Mie namvulia kofia Ruger, ila ukweli usemwe: bastola zake za mwanzo zilikuwa na ugonjwa ule ule wa nyundo.

Dawa alikuja nayo mwaka 1973, miaka mia moja kamili. Kwenye toleo la New Model, nyundo haifiki kabisa kwenye pini ya kugonga risasi. Kuna kipande cha chuma kinachopanda katikati yao pale tu kifyatulio kinapovutwa. Usipovuta, hata ikidondoka, pigo linaishia kwenye fremu. Na tangu 1982 kampuni imekuwa ikizirekebisha zile za zamani bila malipo.

Kwa hiyo anayetaka bastola ya kulengea shabaha kwa burudani, swali la kwanza si urembo wala bei, ni hili: imetengenezwa kabla au baada ya 1973? Wauzaji wa mitumba hawasemi wenyewe. Baada ya hapo ndiyo uje ukubwa wa risasi. Anayejifunza namshauri .22, risasi zake ni rahisi na mkono haurushwi. Akikomaa achukue ya .357, kwa sababu inameza pia .38 Special ambazo ni laini zaidi, na Blackhawk ina kilengeo cha nyuma kinachorekebishika. Kile cha Colt ya asili ni mfereji tu uliochongwa juu ya fremu, ikipiga pembeni utajiju.

Kichekesho ni kwamba chama cha wapenzi wa mchezo huu Marekani, Single Action Shooting Society, kilichoanzishwa mwaka 1987, kinawataka washindani wote wajaze risasi tano. Hata wenye New Model.